Wanaume tunaovaa nguo za kike hapa Dar: suruali au gauni? Tupeane uzoefu

Wakuu, kila mada hii ikitajwa tunagawanyika, basi leo tuimalize. Mtu asitaje jina wala mtaa wake. Matusi weka pembeni.

Mimi ni wa suruali. Ya kitambaa, nyeusi, kiuno juu, zipu ubavuni. Nachukua mtumba pale soko la Karume, muuzaji ananiuliza "unamchukulia shemeji?", namwitikia tu. Navaa hadi ofisini na hakuna aliyeshtuka. Shida ni mifuko: ile ya mbele geresha tupu, imeshonwa mdomo, ukitaka kutia simu unaparaza kitambaa.

Mpole_wa_Temeke: Sasa kama hakuna anayeshtuka, raha yako iko wapi? Suruali nimevaa tangu chekechea. Nikijifungia chumbani nataka gauni lenye bitana laini, likugonge magotini ukigeuka. Sketi za kubana niliachana nazo, sisi hatuna nyonga, ukipiga hatua kumi zipu ya nyuma imehamia mbele. Chukua iliyokatwa kiunoni ikamwagika chini, hapo unapata umbo. Nilimpelekea fundi vipimo nikamwambia ni vya dada yangu yuko mkoani. Akatazama upana wa mabega, akaniuliza dada anabeba zege?

Kobe2: 😂😂 Dada wa zege!

Binamu_Pwani: Mbona dera hamlitaji? Joto hili la Februari mtu anajibana na bitana! Dera halichagui mabega wala nyonga. Ila ule upepo wa miguuni kwangu si mpya, nimekua na msuli na kanzu. Ninachofuata mimi ni maua na rangi. Nguo za kiume zimenyimwa rangi, tuseme ukweli.

Mzee_Kijana: Mnanichekesha. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana: sketi fupi, mawigi na suruali za kubana marufuku kuanzia Januari 1969. Sketi kesi, suruali kesi! Leo wanawake wamejaa maofisini na suruali na hakuna anayewauliza. Kwa hiyo Mpole, suruali iliyokatwa kwa mwili wa mwanamke ni ya kike hata kama jirani haoni. Nipo na mleta mada. Gauni nalipenda, lakini la kuvaa kwa kuvizia linanichosha roho.

Kobe2: Kwangu mke anajua. Masharti mawili: nisiguse za kwake, na nisimzidi kupendeza. La pili linanishinda nikivaa sketi ya solo, ndiyo maana siku hizi nimehamia suruali.

Mleta mada: Haya, dera mmenishawishi, nitajaribu wikiendi. Ila Mpole, huyo fundi wako anaweza kuifungua hii mifuko ya suruali akaweka ya kweli? Nijibu PM.