Nimeuziwa RAM ya seva hapa Kisumu, halafu naambiwa nimeichoma mimi

Wadau, nina hasira tangu Jumamosi. Heri niimwage hapa kuliko nikavunje kioo cha mtu.

Kazi yangu ni video za harusi na matanga, na leptopu ilishanizimikia mara mbili mteja akiwa amekaa kando yangu. Nikaanza kujiundia kompyuta ya mezani pole pole: mwezi huu prosesa, Ryzen 5 5600G, mwezi ujao madabodi (ule ubao mkuu vitu vyote vinapochomekwa), keisi nikapata ya mtumba. Ikabaki RAM, ile kumbukumbu ya muda prosesa inapofanyia kazi. Mnajua bei zilivyoruka tangu mwisho wa 2025, viwanda vikikimbilia seva za akili unde na sisi tukiachiwa makombo. Kwa hivyo nilipoonyeshwa GB 16 ya DDR4, kizazi cha RAM madabodi yangu inachotumia, kwa Sh4,000, duka moja karibu na stegi, nikaona Mungu amenikumbuka.

Nilimweleza muuzaji: ni ya kompyuta ya mezani, prosesa ni hii, madabodi ni hii, picha hizi kwenye simu. Hakuangalia hata. "Mkubwa, DDR4 ni DDR4." Nikatuma M-Pesa.

Nyumbani Mamboleo ikaingia kwenye tundu bila shida, vibano vikalia ta. Nikawasha. Feni zinazunguka, skrini nyeusi tii, na kitaa kidogo kilichoandikwa DRAM kwenye madabodi kinawaka tu. Nikaitoa, nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nikahamisha tundu, nikachomoa betri ya BIOS nikairudisha. Saa saba usiku bado nimeinama na tochi ya simu mdomoni, mbu wananimaliza.

Ndipo nikasoma stika. 16GB 2Rx4 PC4-2400T-R.

Hiyo R ya mwisho! R ni RAM ya seva. Katikati yake ina chipu ya ziada inayopokea amri kutoka kwa prosesa na kuzigawia chipu zile nyingine, na prosesa kama yangu haiwezi kuongea nayo kabisa. Ya kompyuta ya mezani ingekuwa na U. Hata ile x4, yaani upana wa kila chipu kwa biti, ingenishtua, maana za mezani ni x8 au x16. Na tundu halikusaidii kugundua, kwa sababu kwenye DDR4 ule mkato katikati ya meno uko palepale kwa zote mbili, ya seva na ya mezani. Angeniuzia DDR3 ingekataa kuingia na ningejua mapema.

Jumatatu nikarudi. Eti nimeichoma. Nikamwambia aiweke kwenye seva yoyote aone kama imekufa. Akaninyooshea kibao ukutani: mali ikiuzwa hairudishwi. Kwani hicho kibao kilipitishwa na Bunge? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema ukimweleza muuzaji kazi unayotaka bidhaa ifanye, ukategemea ujuzi wake, bidhaa sharti iifae kazi hiyo. Katiba nayo, kifungu cha 46, inanipa haki ya kupewa maelezo ninayohitaji. Nilipotaja Katiba alicheka.

Na uongo mwingine alinipa bure, kwamba GB 16 moja ni bora kuliko mbili za 8. Kompyuta yangu haina kadi ya picha, 5600G inachora picha yenyewe na inakula RAM hiyohiyo. RAM moja ya kasi ya 3200 inapitisha GB 25.6 kwa sekunde, mbili zikikaa kila moja kwenye njia yake ya kwenda kwa prosesa zinapitisha 51.2. Ananifundisha kazi mtu ambaye hajui anauza nini. Au anajua, ambayo ni mbaya zaidi.

Nikiwa bado pale, kijana mmoja, nadhani wa chuo, alikuwa ameshika nyingine kutoka katoni ileile, simu tayari mkononi alipe. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nisomee herufi ya mwisho kwenye hiyo stika." Akaigeuza. "R." Akairudisha kaunta taratibu, akatoka. Mimi nikafukuzwa kama mwizi.

Sasa natafuta mbili za GB 8, DDR4 ya 3200, zenye U. Kisumu, Kakamega, hata Nakuru nitapanda matatu. Mwenye nazo anitumie picha ya stika kwanza. Ya stika, si ya boksi.