Antena inasoma SWR nzuri, mbona betri inakwisha mapema?

kihisi_cha_sita

Wakuu salaam. Nimeunda vihisi sita vya kupima kina cha maji kwenye matangi. Kila kimoja kina moduli ya LoRa (redio ya kutuma data kidogo mbali kwa nguvu ndogo) ya megahezi 868 na betri moja ya lithiamu ya volti 3.6, mAh 2600. Kinatuma ujumbe wa baiti 20 kila baada ya dakika 5. Kwa hesabu zangu betri ingedumu miaka mitatu, na vitano vinakwenda vizuri. Cha sita kilizimika kikiwa na miezi mitano tu. Nikabadilisha betri, na volti zinaonyesha kinaelekea kulekule.

Tofauti ni moja: hicho kimebandikwa chini ya mfuniko wa chuma, wenzake wako kwenye mifuniko ya plastiki. Antena ni ileile springi ya sentimita 2.5 iliyokuja na moduli, ila hapa nimeilaza ili boksi lifunge. Mwanzoni hakikusikika kabisa. Nikapandisha nguvu kutoka 13 hadi 20 dBm (miliwati 20 hadi 100), kikasikika. Antena nimeipima kwa NanoVNA, kile kimashine cha kupima antena, ikasoma SWR 1.7 (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, 1.0 ikiwa hairudi kabisa), kwa hiyo nimeitoa kwenye orodha ya washukiwa. Nadhani nimeuziwa betri feki. Nani anajua namna ya kuzipima?

fundi_mawimbi

Betri iache kwanza, mkuu, haina kosa. Nijibu mawili: kinatuma kwa SF ngapi (ile ngazi ya kasi ya LoRa, 7 ya haraka, 12 ya polepole), na hiyo NanoVNA uliiungaje?

kihisi_cha_sita

SF inajipanga yenyewe kulingana na mawasiliano yalivyo. Nimechungulia sasa hivi kwenye kipokezi: vile vitano vyote SF7, hiki SF12. Kupima nilitumia waya wa RG174 wa mita 3 kwa kuwa tangi liko mbali na meza. Kalibrasheni nilifanya mezani, kabla ya kuunga waya.

fundi_mawimbi

Basi mchawi tumempata, tena hayuko peke yake.

Anza na huo waya. RG174 kwenye masafa hayo hula takriban desibeli 1 kwa kila mita. Wimbi lako lilipoteza 3, yaani nusu ya nguvu, likienda, na kile kilichoakisiwa kikapoteza 3 nyingine kikirudi. Mashine ikaona kimerudi kidogo, ikakusifia. Fanya jaribio: ng'oa antena, uache ncha ya waya wazi. Pale mwisho hakuna kitu, na bado itasoma SWR karibu 3! Ukiondoa uongo wa waya, antena yako yenyewe iko kwenye SWR 3 hivi, yaani robo ya nguvu inarudishwa.

Usikimbilie koili na kapasita za kupunguza huko kurudi, lakini. Robo ikirudi umepoteza desibeli 1.2 tu. Kinachokuumiza ni zile robo tatu zinazoingia na hazitoki. SWR inakueleza kwamba nguvu imepita mlangoni, haikuelezi kama imetokea upande wa pili au imefia chumbani ikawa joto. Weka rezista ya omu 50 mahali pa antena, utapata SWR 1.0 na hakuna kitakachosikika. Mimi niliwahi kujivunia antena yenye SWR 1.1 kwenye kila masafa niliyojaribu, nikawaonyesha na wenzangu. Waya wake ulikuwa umejaa maji ya mvua.

Sasa hiyo springi. Wimbi la megahezi 868 lina urefu wa sentimita 34.5. Kijiti cha robo ya hapo, sentimita 8.6, kikisimama juu ya bamba la chuma kina ukinzani wa mrusho wa omu 36 hivi. Kijiti cha sentimita 2.5 kinabaki na omu 2 (kukizungusha springi kunasaidia, ila usitegemee miujiza). Hizo omu 2 ndizo zinazorusha. Zikikutana na omu 3 au 4 za hasara kwenye lehemu, bodi na chuma cha jirani, zaidi ya nusu ya nguvu imeshaishia kwenye joto. Hili si jipya: mhandisi Wheeler alilieleza mwaka 1947, mwenzake Chu akaliwekea mpaka wa kihesabu mwaka 1948. Na wewe umeilaza chini ya chuma. Mkondo wa antena iliyolala huamsha mkondo wa kinyume kwenye bamba lililo karibu, na mawimbi yao yanauana.

Betri inaingiaje hapo? Kihisi kisiposikika, SF inapanda. Kila hatua inakupa takriban desibeli 2.5 za usikivu, ila muda wa kukaa hewani unakaribia kuongezeka maradufu. Baiti 20 kwa SF7 ni kama milisekunde 57, kwa SF12 ni kama sekunde 1.3. Juu yake umeongeza nguvu: kwa 13 dBm moduli nyingi huvuta kama miliampea 30, kwa 20 dBm kama 120. Zidisha. Wenzake wanatumia milikulombi (miliampea mara sekunde) 1.7 kwa ujumbe mmoja, hiki 158. Ujumbe 288 kwa siku unakula karibu mAh 13 kila kukicha, na nyingi ya lithiamu za volti 3.6 hazipendi kuvutwa 120 kwa mpigo. Volti inainama, moduli inazimika, nawe unasema betri feki.

Dawa: toboa mfuniko, utoe antena juu. Waya wa shaba, usimame wima, anza na sentimita 9 ukate milimita moja moja. Chuma kilichokuwa adui sasa ndicho bamba lako la chini, kwa hiyo ganda la nje la waya unaotoka kwenye moduli kwenda antena liguse chuma hicho. Waya huo wa moduli usizidi sentimita 10, na kalibrasheni ifanyike kwenye ncha yake.

weka_kubwa

Mnajichosha. Nunua antena ya 9 dBi, mchezo umeisha.

fundi_mawimbi

dBi hazizalishi nguvu, zinaikamua ielekee upande mmoja. Kijiti cha 9 dBi kinabana mrusho uwe bapa kama sahani, na kipokezi kikiwa juu au chini ya hiyo sahani umejipunja mwenyewe.

juu_ya_mnara

Huku kwetu minarani ni yaleyale, ila kwa wati. Zamani redio ilikaa chini kwenye kibanda na waya mnene ukapanda hadi juu. Desibeli 3 zikipotea njiani, nusu ya nguvu imepasha waya. Ndiyo maana siku hizi redio inapandishwa hadi ilipo antena, na kwenye 5G mara nyingi vimekuwa boksi moja. Mlaji mkubwa kwenye redio bado ni amplifaya ya mwisho. Mawimbi ya sasa yana vilele vinavyopita wastani wake kwa mbali, kwa hiyo inalazimika kufanya kazi chini ya uwezo wake, na hapo ufanisi unaporomoka. Mpangilio wa amplifaya tunaoutegemea sana kuliokoa hilo, wa mhandisi Doherty, ni wa mwaka 1936.

kihisi_cha_sita

Nimerudi na majibu. Ncha wazi ya ule waya imesoma 2.9, nikacheka peke yangu. Antena mpya imesimama juu ya mfuniko, nimeishia milimita 84, SWR 1.4 iliyopimwa inavyotakiwa. Kwenye kipokezi nimepata desibeli 11 zaidi. Nimeshusha nguvu hadi 14 dBm, na SF imetulia kwenye 10. Moduli inavuta miliampea 44 kwa sekunde 0.37, yaani milikulombi 16 badala ya 158. Betri niliyoitukana naiomba radhi.

fundi_mawimbi

Lile tundu la mfuniko lizibe kwa silikoni leo hii. Maji yakiingia kwenye waya, SWR itapendeza zaidi ya hapo, halafu utarudi tena kulalamikia betri.