Viwanja 200 Madale, bomba la inchi 3 litatosha?

Wakuu, tunapima shamba tutoe viwanja 200, mwenzangu anataka tuvute inchi 3 toka bomba kuu afu maji taka kila mtu ajichimbie shimo. Imekaaje?

Jibu: Watu 5 kila kiwanja, kila mtu lita 100, ni lita laki moja kwa siku, ila asubuhi wote wanaoga pamoja so zidisha mara 2 na nusu, ni kama lita 3 kwa sekunde. Inchi 3 inabeba, ila kama bomba kuu liko mbali au kuna kilima presha inakufa.

Jibu: Ishu ni mashimo. Karibu 80% ya maji hayo yanarudi taka, yanazama ardhini na watu humohumo wanachimba visima! Acheni njia ya bomba la maji taka upande wa bondeni kabla hamjauza, ukuta ukishajengwa nani atakubali ubomolewe.

Muulizaji: Na wakijenga apatimenti?

Jibu: Hapo anza hesabu upya mzee 😅