Nikitembea bila safari, majirani wanauliza kuna msiba gani

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Nina miaka 34, nauza vitenge Kariakoo, nakaa Tabata. Tangu Januari kichwa hakitulii. Dukani spika za matangazo kila mlango, kwenye daladala muziki, nyumbani watoto watatu na televisheni ya mpangaji mwenzangu. Nalala vizuri, ikifika saa tisa usiku macho haya hapa, nahesabu madeni.

Nimegundua nikitembea kama dakika arobaini jioni, simu nimeiacha ndani, usingizi unakuja. Shida ni mtaa. Mtu mzima ukipita mikono mitupu, huelekei popote, kila kibaraza ni "Mama Nasra, salama? Kuna msiba?" Juzi jirani kampigia mume wangu, yuko na lori Tunduma huko, eti nimechanganyikiwa. Nyie mnatulizia wapi vichwa, bila gharama kubwa?

Kobe wa Segerea: Dada, beba kidumu. Sitanii. Cha lita tano, kitupu. Mwenye kidumu haulizwi, anajulikana anafuata maji. Changu kina mwaka wa pili, hakijawahi kuona tone.

Baba Mapacha: Kutembea ni starehe ya mwenye nauli mfukoni. Mimi nimekanyaga Buguruni hadi Posta mwezi mzima sina hata mia, amani sikuiona, nimeona malengelenge.

Kobe wa Segerea: Baba Mapacha, wewe ulikuwa unawahi kazini. Hapa tunaongelea kutowahi popote.

Mvuvi Mstaafu: Binti yangu, Jumapili asubuhi nenda Kivukoni upande pantoni. Mia mbili kwenda, mia mbili kurudi. Simama upande unaotazama mlango wa bahari, meli za mizigo zinapita karibu mpaka unasoma kutu. Siku za kazi jioni usijaribu, watu wanabanana kama dagaa.

Nesi wa Zamu: Nikitoka zamu ya usiku napita Daraja la Tanzanite kwa mguu, kilometa moja na ushee, bahari kulia na kushoto. Alfajiri kuna wakimbiaji wengi, kwa hiyo mwanamke hajioni peke yake. Vichochoroni giza likiingia usiende, vibaka hawajui kama unatafuta utulivu. Halafu mdogo wangu, kuamka saa tisa tangu Januari usikuchukulie kirahisi. Ukiona chakula hakipandi, au unalia hujui unalilia nini, nenda kituo cha afya uwaeleze hivyohivyo. Matembezi yaendelee, na daktari akuone.

Bi Chelewa: Mie siendi popote. Nafagia uwanja kabla ya nyumba kuamka. Kwaru, kwaru, kwaru. Nikimaliza natazama ile mistari ya ufagio mchangani, hakuna aliyeikanyaga bado, nakunywa chai yangu. Kuku akipita namsamehe.

Mama Nasra: Mrejesho. Jana nimebeba kidumu hadi Kimanga, hakuna aliyeniuliza kitu. Wakati wa kurudi kina mama watatu na ndoo wako nyuma yangu: "Shoga, maji yanatoka wapi?" Nikasema nami natafuta. Tumezunguka wote mpaka magharibi, soga mtindo mmoja, nimelala hadi saa kumi na moja. Nesi, kituo cha afya nakwenda Jumatatu. Kobe, lete mbinu nyingine, kidumu kimeshaungua.