Mafundi wa majiko banifu Tanga mnatuua! Mama kafungiwa jiko la kuni, bomba juu ya bati ni PVC ya maji machafu

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mtanivumilia, ila kila nitakachosema nimekiona kwa macho na vingine nimevishika kwa mkono.

Mama yangu anapika biashara hapa Makorora, asubuhi vitumbua na maandazi, mchana wali wa nazi, maharage na samaki. Miaka yote ni mafiga matatu na moshi wa kuni na makumbi, macho mekundu, kikohozi kisichoisha. Tukachanga kama familia tumfungie jiko banifu la kuni la sufuria mbili, lile la kujengewa kwa tofali, lenye bomba la kutoa moshi nje. Na kabla hamjaanza na "si mngemnunulia gesi", mtungi anao, anachemshia chai na vitu vya haraka, ila maharage ya biashara yanayokaa motoni masaa na masaa ukiyapikia gesi faida yote inaishia kwenye mtungi. Mada siyo gesi, mada ni hawa mafundi.

Akaja fundi mmoja anajitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa mjini, picha nzuri, "jiko siku moja, jioni unawasha". Heshima tele, shikamoo mama, mama naye marahaba baba karibu. Akapima pa kukaa jiko kwa hatua za miguu, akataja laki nne na nusu, akachukua laki tatu za kuanzia hapo hapo. Juu hakuangalia kabisa. Hakupanda ngazi, hakuuliza kenchi, zile mbao zinazobeba bati, zimepita wapi, hakuuliza upepo unatokea upande gani, wala hakujali kwamba nyuma ya ukuta wetu kuna banda la jirani limeezekwa makuti. Hili mlishike maana ndiyo malalamiko yangu yote: hawa watu wanauza sanduku la tofali na bomba wanalichukulia kama urembo. Wakati kazi yote anaifanya bomba! Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda, ikipanda inavuta hewa mpya chini kwenye mdomo wa jiko, kuni zinawaka vizuri. Bomba likiwa fupi, limebanwa au lina kona kona, mvuto unakufa na moshi wote unamrudia mpishi usoni. Sasa mtu anakutajia bei bila kutazama paa, hiyo bei ya nini?

Haya, kazi ikaanza. Sehemu ya moto kaijenga kwa simenti. Najua simenti Tanga ipo mlangoni, kiwanda kiko hapa hapa, lakini simenti ya kujengea nyumba haihimili moto wa kuni unaopanda na kushuka kila siku, inapasuka na kumomonyoka. Wazee wetu wanaofinyanga majiko wanatumia udongo wa kichuguu na mfinyanzi, wanachanganya na mchanga au majivu, au unanunua tofali za moto zenyewe na udongo wake. Nikamuuliza siku ile ile, fundi hii simenti itavumilia? Akasema "bosi, hii kazi nimeifanya miaka, usiwe na wasi".

Halafu jioni kweli akawasha. Moto mkubwa, jiko bado bichi, maji yanatoka kwenye viungo mvuke unafuka! Jiko la kujengwa linaachwa likauke polepole kivulini, wiki mbili tatu na zaidi kama ni kipindi cha mvua, halafu unaanza na moto mdogo wa vijiti, kesho unaongeza, keshokutwa unaongeza tena, ili maji yaliyobaki ndani yatoke taratibu. Ukilichoma bichi yale maji yanageuka mvuke ndani ya ukuta na yanatafuta pa kutokea. Ufa wa kwanza tuliuona usiku huo huo, kutoka mdomo wa jiko mpaka kwenye tundu la sufuria ya pili, unaingiza kidole. Na hela iliyobaki alishachukua.

Tuje kwenye bomba sasa. Linatoka kwenye jiko likiwa inchi 6, bati geji 30, lile lile jembamba la kuezekea limekunjwa. Hapo jikoni kwenyewe ni tatizo, bati lina zinki juu na zinki haitakiwi kukaa kwenye joto kali la kila siku, tena hapa pwani na hii hewa ya chumvi bati jembamba lililochomwa likapoteza zinki linaliwa na kutu haraka sana. Bomba la jiko linatakiwa chuma kizito, milimita 2 hivi, au stenlesi kama mfuko unaruhusu. Likapiga kona ya pembe mraba kukwepa boriti, likapiga kona nyingine kama hiyo, na pale kwenye kona hakuna mlango wala kizibo cha kufungua ukasafisha masizi. Na viungo kavipachika kinyume! Kipande cha juu kinatakiwa kichomekwe ndani ya kipande cha chini, ili ule ugiligili mweusi wa moshi ukishuka ubaki ndani ya bomba na kurudi motoni kuungua. Yeye kafanya vingine, kwa hiyo kila kiungo kinavuja uchafu wa kahawia unanata kama lami, umechora mistari ukutani mpaka chini, unanuka, na umedondoka kwenye beseni la unga wa vitumbua mama akautupa wote.

Kuvuka paa ndipo nilipotaka kulia. Katoboa bati kwa tindo, tundu sawasawa na bomba, na bomba limepita likigusana na kenchi. Limegusana, yaani hakuna hata upenyo wa karatasi! Bomba la ukuta mmoja linatakiwa likae mbali na mbao, karibu nusu mita, na kama nafasi haipo unaweka bomba la kuta mbili lenye kizuia joto katikati, au unakata kenchi na kuiunga upya kwa kupisha. Nilipanda juzi nikaangalia ule ubao. Upande wa bomba ni mweusi, ukikwangua kwa kucha unatoka mkaa, mkaa kabisa, unapakaa kidole. Na msidhani mbao ikishavumilia mwezi basi imezoea. Ni kinyume, mbao ikipigwa joto kila siku inabadilika ndani kwa ndani na siku zinavyokwenda inashika moto kwa joto dogo kuliko mbao mpya. Maana yake nyumba ya mama ilikuwa inasogea kwenye moto kila akiwasha maharage, na wajukuu wanalala chumba cha pili.

Kuzunguka tundu kaziba kwa silikoni ya madirisha, imeyeyuka, mvua ya kwanza maji yakaingia hadi jikoni.

Na juu ya bati sasa. Kile kipande kinachoonekana nje, ambacho jirani anakiona anasema hongera mmefunga jiko la kisasa, ni PVC inchi 4 ya kijivu, bomba la maji machafu ya chooni. Kabana bomba la inchi 6 kwa bati akalichomeka humo, akasiliba na simenti. Wakuu PVC inalegea kwenye joto lisilofika hata la maji yanayochemka, na ikiungua inatoa moshi wa asidi. Limejikunja limeinamia upande wa bandani kwa jirani. Mdomo hauna kofia wala wavu wa kuzuia cheche, na chini yake ni makuti makavu ya kiangazi! Nani atamlipa yule mama jirani banda lake na mbuzi wake likiwaka?

Tena halijafika hata kwenye kilele cha paa, limeishia chini yake. Sisi hapa kusi ikianza kuvuma inapiga paa, inaruka kilele na kushuka upande wa pili, bomba lililo chini ya kilele linapigwa na ule upepo unaoshuka na moshi unarudishwa ndani wote. Bomba linatakiwa livuke kilele, liwe na kofia pana ya kuzuia mvua na upepo. Fundi wa mji wa pwani hajui kusi?

Nikampigia nikamwambia moshi unarudi. Jibu lake ndilo limenifanya nifungue huu uzi: "mwambie mama afunge dirisha na mlango, jiko litavuta". Wewe! Moto unakula hewa, ukifunga jikoni unaunyima, bomba linashindwa kuvuta na kinachobaki ndani ni moshi pamoja na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, unaumwa kichwa, unasinzia, huamki. Watu wanakufa hivyo na jiko la mkaa chumbani kila mwaka tunasikia. Na wewe unamwambia mama wa watu ajifungie nayo.

Baada ya hapo simu hapokei. Nimeenda serikali ya mtaa, mwenyekiti kamwandikia, kimya.

Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Jambo zuri na mimi naliunga mkono kwa moyo wote, mama yangu ndiye mtu anayehitaji kuliko wengi. Lakini kila mwenye mashine ya kuchomelea ameshajiita mtaalamu wa majiko, maneno ni hayo hayo ya nishati safi na moshi unabaki ndani, na hakuna anayepita kukagua jiko la nyumbani baada ya kufungwa. Anayefunga umeme tunamtaka awe na leseni, anayetoboa paa kupitisha moto juu ya watoto hatumuulizi chochote.

Kama unataka kufungiwa, fundi asipopanda juu kabla ya kutaja bei muage. Muulize bomba ni la nini, unene gani, linapita mbali na mbao kiasi gani, litasafishwa kupitia wapi, akuandikie kwenye risiti. Hela ya mwisho asiiguse mpaka jiko likauke na arudi mwenyewe kuliwasha mbele yako, milango na madirisha yakiwa kama mnavyokaa siku zote. Achome gazeti moja kwenye mdomo wa jiko, moshi uingie ndani na kupanda. Moshi ukitokea nje kwenye mdomo wa jiko, kazi haijaisha. Na kuni ziwe kavu, mbichi nusu yake ni maji, zinajaza bomba ile lami na siku ikishika moto ndani ya bomba hamtaizima.

Wewe fundi najua humu upo, umeshawahi kupost humu. Jiko nimelizima, bomba nimelishusha liko uani pamoja na kipande cha kenchi kilichoungua, picha zote ninazo na mwenyekiti anazo. Laki nne na nusu irudi, na mbao mbili, bati moja na unga wa mama juu yako. Mama amerudi kwenye mafiga na kikohozi kimeanza tena.

Anayemjua fundi wa kweli Tanga, anayetembea na ngazi na anayetumia chuma kizito, anitumie namba PM tafadhali, nataka bomba liwe juu kabla masika haijaanza.