Naomba ushauri: kubadili anwani ya mtumaji wa barua pepe za matangazo

Ndugu wanachama, habari za kazi. Duka letu hutumia huduma ya kutuma barua pepe za matangazo kwa wateja, lakini anwani ya mtumaji bado ni ya Gmail ya bure, na tangu Google na Yahoo walipokaza masharti ya uthibitisho Februari 2024, barua nyingi huishia kwenye taka. Tumesajili kikoa chetu (domain, jina letu la mtandaoni) na kuweka rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwetu kweli, zikakubaliwa; DMARC, sera inayoelekeza barua zisizothibitishwa zifanyiwe nini, tumeiacha kwenye p=none (yaani zisizuiwe), kwa kuwa nahofia hata ankara zetu zisije zikazuiwa.

Je, tuhamishie orodha nzima kwenye anwani mpya kwa mkupuo, au tuanze na wateja wanaofungua barua mara kwa mara? Na je, matangazo yapewe kikoa kidogo (subdomain) chake, mbali na ankara?