Halijoto hubadilishaje msawazo wa mmenyuko wa kikemikali?

Mwanafunzi, Mbeya
Shikamooni walimu. Asubuhi ya Julai, maabara ikiwa na baridi yetu ile ya kugandisha vidole, myeyusho wa kobalti kloraidi ulikuwa wa waridi. Tulipotumbukiza mrija kwenye maji ya moto ukawa wa buluu, na ulipopoa ukarudi waridi. Nilidhani joto huharakisha mmenyuko tu. Kwa nini rangi ilibadilika?

Mwalimu, Iringa
Marahaba. Joto huharakisha pande zote mbili za mmenyuko, wa kwenda na wa kurudi, lakini si kwa kiasi sawa: upande unaofyonza joto huongeza kasi zaidi, hivyo msawazo, yaani hali ambapo kasi za pande hizo zinalingana, husogea kuelekea huko mpaka kasi zilingane tena. Kuundwa kwa ioni ya buluu ya kobalti, yenye kloraidi nne, hufyonza joto. Wengi husahau kwamba halijoto hubadilisha thamani yenyewe ya K (namba inayoonyesha uwiano wa mazao na vianzio kwenye msawazo), ilhali kuongeza kloraidi husogeza msawazo bila kuigusa thamani hiyo.

Mkulima, Njombe
Hata urea, mbolea ya mahindi yetu, imepitia humo, maana hutengenezwa kwa amonia. Kuunda amonia hutoa joto, takriban kilojuli 92 kwa kila moli mbili, kwa hiyo baridi ingeongeza amonia. Ila mmenyuko ungekwenda polepole mno, ndiyo maana viwanda hutumia nyuzijoto zipatazo 450 pamoja na kichocheo cha chuma.

Mwanafunzi, Mbeya
Ahsanteni. Je, kichocheo nacho husogeza msawazo?

Mwalimu, Iringa
Hapana. Huharakisha pande zote kwa uwiano uleule. Msawazo hufikiwa mapema tu.